Kiganja Kimoja Kirudi Kirobani

Kila alipopima nafaka, Loisi alirudisha kiganja kimoja. Uwe unga wa mtama wa uji au mchele wa wageni, iwe nyumbani kwake Mpwapwa au kwa mwanawe mjini, Area D, mkono wake ulizama kwenye chombo, ukachota, ukarudisha gunini, ndipo mapishi yakaendelea. Hakueleza kwa nini. Alijifunza kwa mama yake, mwaka ambao mvua ilikataa na mama huyo akawa anakwenda kuhemea, akilima mashamba ya watu mchana kutwa ili arudi na mtama wa siku mbili. Mwaka huo ulimwachia Loisi jibu pia: ukimuuliza kama amekula, alisema ameshiba.

Anitha, mke wa mwanawe Obedi, aliyaona yote mawili kwa miaka kumi na minne, hata akaacha kuyaona.

Krismasi ya mwaka juzi ndiyo iliyoanzisha mambo. Ilipikwa pilau ya kulisha mtaa mzima. Wageni wakala wakabakiza, jokofu likajaa, na sufuria moja ikachacha jikoni. Kesho yake Anitha alikuwa akiimimina kwenye ndoo ya taka alipogeuka na kumkuta mama mkwe amesimama mlangoni. Loisi hakugomba. Aliiomba ile ndoo, akauanika wali juu ya mkeka uani, na ulipokauka akaufunga kwenye mfuko na kusafiri nao hadi Mpwapwa kwa kuku wake. Siku zote hizo za kuanika, hakuongea zaidi ya salamu.

Mwaka uliofuata Anitha alikusudia kumfurahisha. Alichukua daftari kuukuu la binti yake Tumsifu, akaandika majina ya watakaokuja, ishirini na wawili, na mbele ya kila jina akaandika kiasi. Watoto, nusu sahani. Mchele, kilo nne. Kichwa na miguu ya mbuzi vikatengwa kwa supu ya kesho yake. Obedi alipolisoma daftari aliguna, akasema mgeni akiona sufuria tupu atalisimulia jambo hilo hadi Pasaka. Anitha akamjibu kwamba mama yake, angalau, ataelewa.

Lakini huyo mama hakuambiwa. Anitha alitaka ajionee mwenyewe jioni, ndoo ya taka ikiwa haina kitu.

Asubuhi ya sikukuu alipima mchele kwa mizani, akaumimina kwenye beseni na kumpa Loisi auchague, yeye akaenda kukaanga vitunguu. Loisi aliketi mlangoni pa stoo, kiroba kikiwa ubavuni mwake, akachagua ungo baada ya ungo. Zilikuwa nyungo kumi na mbili. Kila ungo ulipokwisha, kiganja kimoja kilirudi kirobani.

Yoramu, kaka yake Obedi, alifika saa nane na mkewe na watoto wawili, safari ikiwa imewachelewesha. Majina yao yalikuwamo daftarini. Anitha alipoanza kuwapakulia, mwiko ukagonga chini. Alikwangua ukoko, akapata sahani mbili za kuona haya kuzibeba.

"Shemeji," alisema Yoramu, akiigeuza sahani yake kama anayetafuta upande wenye chakula, "mjini siku hizi mnakula kwa mizani?"

Watu wakacheka. Obedi naye alicheka, macho yakiwa chini.

Ndipo Loisi akatoka jikoni na sahani iliyokuwa imefunikwa kwa ajili yake, akamwekea mke wa Yoramu. Anitha alimfuata akamuuliza kama yeye amekula. Ameshiba, alisema. Tangu chai ya asubuhi Anitha hakumwona akitia kitu kinywani. Alilijua hilo, ila jibu lilimfaa, akalipokea.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, aliingia stoo na kukuta kiroba wazi. Juu ya mchele wenye chuya na vijiwe palikuwa na mchele mweupe, safi, uliochaguliwa. Aliutazama kwa muda, kisha akamwita mama mkwe.

"Mama, umeniaibisha mbele ya watu."

Loisi alikitazama kiroba, akautazama mkono wake. "Ungeniambia umepima," alisema.

Anitha alirudi kwenye vyombo, akaviosha kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kwa kawaida Loisi alikaa nao hadi Februari. Safari hii alimwomba Yoramu amrudishe Mpwapwa, na Machi akafariki, asubuhi moja, kabla ya kunywa uji. Msibani, wanawake walipima unga wa waombolezaji debe kwa debe. Hakuna aliyerudisha kitu gunini.

Tangu hapo Anitha hurudi kimawazo mara kwa mara kwenye ile asubuhi ya tarehe ishirini na saba Desemba, Yoramu akiwa ameshawasha gari. Alimwekea mama mkwe mfuko wa dawa mapajani, na kwa mazoea tu akamuuliza kama amekula. Loisi alimshika mkono.

"Mama Tumsifu," alisema, "juzi nililala na njaa."