Betri Zikifa, Zinazikwa Wapi?

Kitendawili, mjukuu wangu. Babu kalala chali juu ya paa, mchana kutwa anakunywa jua, usiku anatema mwanga. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, mji nimeupokea: ni paneli ya sola.

Saa moja asubuhi, juu ya paa la zahanati, mwanamke mmoja anamfuta babu huyo uso kwa kitambaa kibichi. Anatembea juu ya mabati bila kelele, ndiyo maana mafundi wenzake wamemwita Paka.

"Chai inapoa, Paka," muuguzi wa wodi ya wazazi anamwita kutoka chini.

"Paka hapendi cha moto, dada."

Hii ndiyo kazi ya mwisho katika mkataba wake. Mwezi ukiisha hana mwajiri, ingawa wanaomtaka ni wawili. Kampuni kubwa ya sola, yenye sare na magari meupe, imemwahidi mara mbili ya mshahara anaopata sasa, na inataka jibu leo jioni. Mwingine ni mjane mwenye karakana ndogo ya sola, wanamwita Mama Waya. Ana meza mbili na pikipiki inayokohoa.

Kote alikoitwa kwa usaili, mwishoni aliulizwa kama ana swali. Analo moja tu: "Betri zikifa, mnazizika wapi?"

Kule kwenye kampuni walicheka. "Meneja aliniambia, 'Fundi, betri haina msiba.' Na mimi nikacheka, maana alichekesha kweli. Ila jibu sikupewa," anasema.

Mama Waya hakucheka. Alisema, "Sijui, mwanangu. Huja mtu wa vyuma chakavu akazibeba. Sijawahi kumuuliza. Nipe siku chache."

Siku chache zimepita. Simu kimya.

Swali lenyewe limetoka nyumbani. Paka anaishi na mdogo wake wa kiume, mtu mzima sasa, mwenye mikono inayotetemeka na maneno yanayokuja polepole. Walipokuwa watoto, jirani yao alikuwa akiyeyusha betri za magari uani ili apate madini ya risasi, auze. Betri nyingi za sola nazo zina risasi hiyohiyo.

"Mimi mchana nilikuwa shule. Yeye alikuwa anatambaa, kutwa yuko kwenye lile jivu. Hakuna aliyejua ni sumu, hata jirani mwenyewe. Naye alikuwa na watoto wake palepale," Paka anasema akiwa amerudi nyumbani, huku akimfunga mdogo wake vifungo vya shati. "Huyu anapika uji kunishinda. Adui yake ni vifungo tu."

"Na wewe adui yako ni uji," mdogo wake anajibu.

Paka anacheka. "Watu husema umeme wa jua ni msafi. Kweli, juu ya paa ni msafi. Mimi nataka uwe msafi mpaka unakoishia."

Jua linateremka. Mdogo mtu anaanza tena. "Dada, unakwenda kwa nani? Kwa mwenye magari au kwa mwenye kikohozi?"

"Ngoja kwanza nijibiwe mimi."

"Usipojibiwa je?"

"Basi tutakula mshahara mara mbili huku tumenuna."

Simu inalia. Ni Mama Waya. Paka anaiweka kwenye spika, wote wawili wasikie.

"Mwanangu, nisamehe nimechelewa. Nilimfuata yule wa vyuma mpaka kwake. Anaziyeyusha nyuma ya nyumba. Mkewe ndiye anayechochea moto, mtoto yuko mgongoni."

Paka anaivuta simu karibu.

"Betri zilizobaki nimezifungia stoo," Mama Waya anaendelea. "Kipo kiwanda kinachozipokea salama, ila ni mbali, na kuzisafirisha ni ghali. Pengine mshahara wako utachelewa mara mojamoja, sikufichi. Ukija, tutaanzia hapo. Na twende wote kwa yule mama, umweleze wewe. Mimi nilijaribu, maneno yakanikwama."

"Nimekusikia, mama," Paka anajibu. "Na mdogo wangu tutakuja naye, akikubali."

Anakata simu, anaiweka mezani. Mdogo wake bado anamtazama.

"Kwa mwenye kikohozi," Paka anamwambia.