Samaki wa Maziwa

Jayantilal Doshi aliuza vitambaa vya pamba mjini Bhavnagar tangu ujana hadi mvi zikamjaa, na katika maisha hayo yote hakupata kuua hata chungu kwa kusudi. Alikuwa Mjaini wa kweli: alichuja maji kabla ya kuyanywa, hakugusa kitunguu wala kiazi, maana kung'oa mzizi ni kuangamiza viumbe vya udongoni, na jua likizama hakutia kitu kinywani mpaka asubuhi. Kwa mtu wa namna hiyo, Kolkata, mji wa walaji samaki, ilikuwa adhabu.

Alikuja kwa ajili ya binti yake, Hetal, aliyetaka kuolewa na Nirupam, kijana wa Kibengali. Nirupam alikuwa ameacha samaki kwa hiari. Mama yake, Kalyani, hakuacha kitu.

"Nikiweza kula nyumbani kwao, nitatoa idhini," Jayantilal alimwambia bintiye kabla ya safari. "Nikishindwa, usije ukanililia."

Mchana Nirupam aliwatembeza mjini. Kasri jeupe la marumaru lilimpendeza mzee, lakini kwenye tramu abiria jirani alipakata mfuko uliotokeza mkia wa samaki, nao ukamdondoshea maji gotini. Mzee alijibana dirishani kama anayekimbia ukoma. Mbele kidogo maandamano yalifunga barabara, tramu ikasimama, na Nirupam akaona heri wakate njia kupitia sokoni.

Huko wauzaji walichuchumaa nyuma ya visu vilivyosimama wima, wakisukuma samaki kwenye makali, magamba yakiruka kama manyunyu. Jayantilal alipita kwa ncha za vidole, pua ndani ya shuka. Akateleza. Alipojishika kwenye ndoo, mkono wa kushoto ulizama hadi kiwiko katika matumbo ya samaki.

"Mzee, si ya kuonja bure hayo!" muuzaji mmoja akapaza sauti. "Sema tu, nikufungie!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Pole, Baba. Lete mkono nikuoshe."

"Usiniguse, Hetal! Utaniosha kwa maji gani? Haya wanayooshea maiti?"

Alijisugua bombani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Harufu haikutoka.

Walifika kwa Kalyani jua likiwa limeinama. Mama huyo alikuwa amenunua sufuria mpya na kusugua sakafu mara mbili. Akaja na sinia, uso umemchangamka. Juu yake alilala samaki mweupe, ana magamba, mapezi na jicho la zabibu.

"Mkwe, usishtuke! Ni maziwa ya kugandisha na sukari, nimeyashindilia kwenye kalibu kwa mikono yangu. Kwetu mgeni wa heshima haondoki bila samaki, basi nikakutafutia asiye na dhambi."

Jayantilal akarudi nyuma.

"Siwezi, dada."

"Lakini ni maziwa, kaka!"

"Ni samaki. Wewe mwenyewe umemwita hivyo. Kwetu, anayetafuna umbo la kiumbe huku akijua, amekwisha kuua moyoni."

"Basi nimvunjevunje."

"Utakuwa umemchinja mbele yangu."

Kalyani akalitua sinia kwa kishindo. "Nirupam, huyu mzee anatafuta sababu. Aseme tu kwamba hakutaki, tulale!"

Nirupam alikodolea sakafu macho. Hetal aliinama, na machozi yakamdondokea mapajani. Jayantilal alimtazama, kisha akatazama dirishani. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

"Dada Kalyani, maziwa yote yaliingia kwenye kalibu?"

"Yamebaki makombo sufuriani. Ya kunguru hayo."

"Nipe mimi."

Akamfuata jikoni. Ndani ya beseni, kichwa cha samaki wa kesho kilimkodolea macho yenye ukungu, midomo wazi. Uvundo ukamkaba. Kalyani akaruka kukifunika, akaangusha mwiko, akaomba radhi. Mzee hakungoja. Alichota makombo yasiyo na umbo lolote kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akatafuna. Koo lilikataa mara mbili. Mara ya tatu likameza.

"Tamu?" Kalyani akauliza kwa hofu.

"Sijui, dada. Nimebana pumzi."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Harusi tutaifanyia Bhavnagar," Jayantilal akasema, akatoka mbio kwenda kutafuta hewa.