Siku Nilijidai Kujua Mwandiko wa Kila Muntu

Hii haya yangu nitaisema mimi mwenyewe, juu nikinyamaza watu wa Nyabiondo wataisema na wataongeza chumvi, na mambo yenyewe haiombi chumvi. Ilikuwa wakati wa Wabeleji, mimi ningali kijana, mwalimu kwa masomo ya misioni, na siku moja nilisimama mbele ya tribinali pale Masisi nikajidai kujua mwandiko wa kila muntu.

Lakini kwanza mujue Veronika, juu bila yeye hii yote ingekuwa kichekesho tu, na ningekuwa nimeisha kuisahau. Kisha saa sita, watoto wakienda kwao, nilikuwa ninafundisha watu wakubwa kusoma na kuandika, na Veronika alikuwa anakuja na kaka yake Silvano, wote wawili wametoka kulima maharagi, udongo ingali kwenye vidole. Alikuwa anaandika polepole, ulimi ukitoka kidogo kando ya mudomo (yeye hakujua kama ninaona, mimi sikuona kitu kingine), na akimaliza musitari anainua kaye yake ya kuandikia juu kama muntu anayeonyesha kitambaa mupya. Nilikuwa ninangoja tu mavuno ya maharagi ili nitume baba yangu kwao kumuposa.

Basi, mavuno haijafika, depo ya kahawa ya muzungu mumoja ikaungua. Siku chache mbele ya moto, walikuwa wameokota karatasi kwenye mulango wa depo: «Mukituchapa tena hii nyumba itageuka majivu.» Polisi wakatafuta nani anajua kuandika kati ya wafanyakazi, na pale kwenye mashamba ya muzungu mwenye kujua alikuwa Silvano, njo aliandikaka majina ya wachumaji, na tena alikuwa amegombana na kapita, musimamizi wao. Wakamufunga kamba.

Kesho yake karani wa tribinali akanifuata kalasini.

«Mwalimu, wewe njo ulimufundisha Silvano kuandika?»

«Njo mimi.»

«Unaweza kujua mwandiko wake? Bwana administrateur anatafuta expert.»

Sikujua hiyo neno. Akanielezea kama ni muntu anayejua jambo moja kupita watu wote, na hata bwana administrateur, yule Mubeleji mwenye kukata kesi, analazimika kumusikiliza, na shingo yangu ikarefuka. Ningesema tu «sijue» ningerudi kwa chaki yangu, na pengine leo ningekuwa ninakaa na Veronika nyumbani. Lakini nilifikiri hivi: nitaangalia ile karatasi, nitaona si ya Silvano, nitasema kwa sauti, atafunguliwa, na Veronika ataniangalia na macho gani! Nikasema ndiyo.

Siku ya tribinali nikaazima koti ya katekista, mikono ya koti ikaishia karibu na kiwiko. Nyumba ilijaa, wengine walikuwa wanachungulia kwa madirisha. Silvano alikuwa amesimama peke yake, hakuwa na muntu wa kusema kwa ajili yake. Mimi nikapewa kiti, karatasi, na kioo ya kukuzisha herufi, kitu sijashika hata siku moja, nikaiweka kwenye jicho badala ya kuiweka juu ya karatasi, na watu wa madirishani wakapiga kelele juu jicho yangu iligeuka kama ya ng'ombe.

Kisha nikaangalia ile karatasi. Ilikuwa mwandiko wa Silvano! Ile g yenye mukia wa kuzunguka mara mbili, ile k yenye kukunja goti, kila kitu. Nilipashwa kusema kama ninaogopa kukosa, nilipashwa hata kukohoa. Lakini kiti ilikuwa na mahali pa kuegemea mugongo, bwana administrateur alikuwa ananingoja na kalamu mukononi, na mimi nilikuwa expert.

«Ni mwandiko wake?»

«Njo yake, Bwana. Kabisa kabisa. Ningeijua hata nikifumba macho.»

(Hata nikifumba macho! Mwandiko! Mupaka leo kuko watu Nyabiondo wananisalimia wamefumba macho.)

Nilimuona Veronika akisimama katikati ya wamama. Akaomba ruhusa kuniuliza, na bwana administrateur, pengine kwa kushangaa tu, akamupa. Akafungua kitambaa, akatoa kaye moja, akafunika jina kwa kiganja.

«Mwalimu, hii iko ya nani?»

«Ya Silvano.»

«Iko yangu.» Akatoa ingine. «Na hii?»

Nikakaza kioo. Jasho ilikuwa inaingia kwa macho. «Hii sasa njo ya Silvano.»

«Iko yangu, weee!» Mama Tereza akalia kutoka dirishani, mama mwenye kuketi nyuma kabisa ya kalasi, na nyumba nzima ikacheka.

Veronika hakucheka. «Bwana, sisi wote tulijifunza kwa ubao mumoja. Umupe Mwalimu mwenyewe aandike.»

Wakaleta ubao. Bwana administrateur akanisomea maneno ya ile karatasi, na mimi nikaandika, chaki ikavunjika mara mbili, nikajaribu kunyoosha mukia wa g, mukono ukakataa, ukazungusha mara mbili kama kawaida yake. Akaja karibu na kioo yake. Akaangalia ubao, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

«Hii njo inafanana kupita zote. Siku ya moto ulikuwa wapi?»

«Nyumbani, Bwana.»

«Na nani?»

«Na mimi.»

Walicheka mupaka polisi mwenyewe akageuka ukutani. Mimi sikucheka, juu walinivua koti ya katekista na kunifunga pamoja na Silvano, chumba kimoja, mukeka mumoja.

Kisha Silvano akasema, bila hasira, na ningependa angesema kwa hasira: «Mwalimu, nilikuwa pale mbele yako. Juu ya nini haukuniuliza mimi?»

Nikamuachia upande mukubwa wa mukeka.

Kesho yake padri akakuja kunisemea, na bwana administrateur akasema karatasi ambayo kalasi nzima ingeweza kuiandika haiwezi kumufunga muntu mumoja. Wakatufungua wote wawili. Mwenye kuchoma depo hakujulikana hata siku moja. Lakini Silvano hakurudishwa kazini, watu wakaanza kumukwepa njiani, na kumbe kufunguliwa si kusafishwa. Mbele ya mavuno ya maharagi nikapita kwao, nikakuta mulango umefungwa kwa kamba, majivu ya jiko imekuwa baridi. Walikuwa wamehamia ngambo ya Pinga, ndani ya pori.

Wakati masomo ilifungwa nikaenda. Siku tatu kwa miguu, matope, ruba kwenye vifundo vya miguu. Nilimukuta Veronika akimenya mihogo. Alinisalimia vizuri, akaniletea maji, akanipikia ndizi, kila kitu mugeni anapashwa kupewa, na njo hapo nilijua nimekuwa mugeni.

«Veronika, nilifikiri nitamuokoa.»

«Ninajua, Mwalimu.» Akaendelea kumenya. «Lakini haukujua, na ukasema kabisa kabisa. Kaka yangu alikuwa anakuangalia.»

Asubuhi alinisindikiza mupaka kwenye muto, akanionyesha mahali pa kuvuka, akarudi. Hakugeuka. Mimi niligeuka mara nyingi mupaka nikaanguka ndani ya maji (hii hakuna muntu aliona, ninawapa bure).

Nilioa kisha, muke muzuri, sina neno. Na tribinali waliniita tena, mara ya alama za miguu kwenye shamba la muntu, mara ya damu kwenye panga, juu mwalimu anasoma vitabu, atajua. Niliwajibu kila mara: sijue, Bwana, mumuulize kwanza muntu mwenyewe. Niliapa, na sijavunja. Lakini watu wakifika na mawese kutoka upande wa Pinga, ninawauliza mvua, ninawauliza njia, ninawauliza bei, na kisha ninauliza kama wanamujua mama mumoja anaitwa Veronika. Wanasema hapana. Ninanunua mawese.