Mayai ya Bata Yaliozea Kwangu, Akahama Muuza Samaki

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie visingizio. Vya kwangu nilishavitumia vyote, vimeisha.

Mimi ni mwanamke, nauza mapazia Kariakoo. Nywele zimetengenezwa, kucha zimepakwa, marashi muda wote. Ukipita dukani kwangu utasema huyu dada msafi kweli. Ndiyo maana niliaminiwa.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Nuru, mama wa Kiarabu mwenye heshima zake, anayekaa vyumba vya mbele na wajukuu. Sisi wapangaji tulikaa uani, mlango kwa mlango. Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema siku naingia: "Mwanangu, kwangu hakufugwi kitu. Hata paka."

Nikaitikia, "Sawa mama."

Halafu nikaagiza mayai ya bata.

Nalaumu simu. Nilikuwa nakaa dukani, wateja hakuna, naangalia video za mwanamke mmoja mwenye bata weupe wanaotembea kwa mstari kama wanafunzi wanaingia darasani. Na yeye anacheka tu! Nikasema na mimi nina kakiwanja kangu Chanika. Nitotoleshe hapahapa chumbani, wakichangamka nawahamishia huko. Nani atajua?

Mayai yalitoka Mbeya kwa basi, kwenye boksi lililojaa maranda ya mbao. Muuzaji alinipigia mwenyewe. "Dada, usiyaweke kwenye mashine moja kwa moja. Yapumzishe hadi kesho, upande mnene uwe juu. Yametikiswa njia nzima hayo."

Nikamwona mshamba. Yai limelala ndani ya boksi kutoka Mbeya hadi Dar, lipumzike na nini tena? Jioni ileile yote yalikuwa ndani ya mashine ya kutotoleshea, na mashine ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya magauni. Mengine yalikuwa na nyufa. Nikaziziba kwa rangi ya kucha, nyekundu. Nikajiona daktari!

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Zuhura, mjane, mtu wa Lindi. Alfajiri anaenda Feri kwenye mnada wa samaki, mchana anakaanga, jioni anauza kwenye kona ya mtaa wetu. Beseni lake alilisugua kwa majivu na limau mpaka ungeweza kujitazama. Nilipoumwa malaria, huyu ndiye aliyenikorogea uji na kunifulia mashuka. Naomba mumkumbuke hivyo, kwa sababu mimi nilimsahau.

Baada ya wiki kama mbili muuzaji akapiga tena. "Umeyapima kwa tochi? Yasiyo na mishipa yatoe. Yataoza, na mwisho yatapasuka."

Nilipima kwa tochi ya simu. Mengi ndani yalikuwa maji tu yanacheza. Lakini nilishawatangazia wenzangu wa madukani kwamba mimi sasa mfugaji. Walishaanza kuniita Mama Bata, na mimi naitika! Nikajiambia hawa wanachelewa tu kuamka. Sikutoa hata moja.

Harufu ilianza taratibu. Nikachoma udi. Ikazidi, nikaongeza udi, mpaka chumba changu kikawa kama cha bi harusi. Lakini kuta zetu zilikuwa hazifiki kwenye bati. Harufu ikapita juu, ikashukia kwa Mama Zuhura, ikatoka uani, ikapiga kona hadi mbele kwa Bi Nuru.

Sasa oneni maajabu ya pua za watu. Yai bovu na samaki havifanani harufu hata kidogo. Ila uani kulikuwa na mwanamke mwenye beseni la samaki, na mwanamke anayenukia udi. Nyumba nzima ikanusa, na nyumba nzima ikasikia samaki!

Ijumaa moja jioni Bi Nuru akatuita wote uani. Alikuwa amejiziba pua kwa mtandio.

"Nyumba inanuka," akasema. "Wageni wangu jana wamekataa hata chai. Mama Zuhura, mwenzangu, vipi?"

"Bi Nuru, samaki wangu wanaishia kulekule barabarani. Mimi silali na samaki. Njoo chumbani uangalie."

"Sasa hii inatoka kwa nani?"

Bi Nuru akanigeukia mimi. "Wewe mwanangu ndiye unashea naye ukuta. Sema kweli, inatoka wapi?"

Jamani! Ningesema "ni mimi, mama," ningegombezwa, ningetupa mayai, mambo yangeishia pale. Mama Zuhura alinitazama akiwa ametulia kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nikasema, "Kwa kweli mama... inakuja kutoka upande ule." Nikaonyesha kwa kidevu. Hata mkono sikuinua. Nilijiona nina adabu!

Mama Zuhura aliniangalia kidogo, akaingia ndani. Wiki ileile akapakia vitu vyake kwenye guta akahamia Mbagala. Nilimsaidia kubeba godoro. Akaniambia, "Ahsante, mdogo wangu." Na mimi nikaitikia, "Usijali, dada."

Kumbe harufu nayo haikupewa taarifa kwamba mwenyewe kahama. Ikakolea. Bi Nuru akaita fundi apake rangi chumba kile, akamwaga dawa sakafuni, akafukiza ubani kila pembe. Mimi nasimama mlangoni natingisha kichwa: "Samaki huyo, mama. Anaingia mpaka kwenye simenti."

Jumapili asubuhi Bi Nuru alikuwa anamwonyesha mpangaji mpya, mwalimu mmoja, kile chumba. Mimi nafagia uani. Tukasikia paa! Kutoka kwangu. Kabla sijatupa ufagio, paa! nyingine, na nyingine. Harufu iliyofuata sina maneno yake. Mwalimu wa watu alirudi kinyumenyume mpaka akaangusha ndoo.

Bi Nuru hakubisha hodi. Alifuata pua yake moja kwa moja hadi kabatini, akafungua. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimefyatuka, magauni yangu yanachuruzika. Vipande vya maganda vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimenata kwenye gauni langu la harusi za watu. Na katikati ya uozo ule, kifaranga mmoja, amelowa chapachapa, analia pii, pii, pii.

Bi Nuru alimtazama kifaranga, akanitazama mimi. Nilitamani anitukane.

"Hicho kidevu chako," akasema mwishowe, "siku ile kilionyesha upande gani vile?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alisema mwezi ukiisha nitoke, lakini kwanza nikamtafute Mama Zuhura nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kesho yake alfajiri nikaenda Feri. Mnada ulikuwa umechangamka, madalali wanapaza sauti, sakafu imelowa. Nilimkuta na wakaangaji wenzake wanagawana samaki waliochanga kununua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikamvuta pembeni nimnong'oneze. Akagoma.

"Hapahapa. Na kwa sauti," akasema. "Unajua kona yangu nimeiacha? Wateja walishaambizana samaki wa Mama Zuhura wanamwozea ndani. Nikipita na beseni watu wanavuka barabara. Mbagala nimeanza upya kama sijawahi kuuza samaki maisha yangu. Hawa wenzangu walilisikia lile, basi na hili walisikie."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Mimi nilidhani nimemhamisha chumba tu. Kumbe nilimharibia na kazi.

Nikasema yote, kwa sauti. Mayai, kabati, udi, kidevu. Dalali mmoja akaacha kunadi ili asikie vizuri.

Nilipomaliza, Mama Zuhura akauliza, "Wametoka wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja?" Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mnione! Mimi nimehamishwa na bata mmoja!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na yeye alicheka, akajifuta macho kwa kanga. Aliposhusha kanga hakuwa anacheka tena.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila Bi Nuru usimwambie nitarudi. Sitaki kukaa mahali kila nikipita watu wanachungulia beseni langu." Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Nilitangaza na mtaani kwetu, duka kwa duka, kwamba samaki wake hawakuwa na kosa. Watu walisikiliza, wakacheka habari za bata, na kesho yake wakakumbuka bata tu. Kifaranga nilimpeleka kwa shangazi yangu Kisarawe. Ananenepa.

Mnaotaka kuagiza mayai, yapumzisheni kama mlivyoambiwa, yapimeni kwa tochi, na lililokufa litupeni hata kama mmeshajitangaza. Msimfiche mwenye nyumba. Na mkiulizwa harufu inatoka wapi, semeni, hata kama inatoka kwenye magauni yenu.

Juzi nilikwenda kutafuta chumba upande wa Mchikichini. Mwenye nyumba, mzee mmoja, akanitazama juu hadi chini, akauliza nauza nini.

"Mapazia, baba."

Uso ukamkunjuka. "Afadhali wewe. Alishakuja hapa mama mmoja wa samaki, tukamwambia vyumba vimejaa." Akanikabidhi funguo palepale.

Nikazipokea. Kwa hiyo na wewe mwenye nyumba unayenisoma, nakuonya: siku nyumba yako ikinuka, anza kukagua kwa yule anayenukia.