Marafiki wa Mkurugenzi

Duka zima la rangi lilimwita Mkurugenzi, ingawa kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi kwenye ndoo na kudeki zilizomwagika. Mshahara wake ulikuwa mdogo wa kuombea heri, lakini kijana alikuja kazini na viatu vinavyong'aa kuliko vya mwenye duka, simu pana kama sinia, na marashi yaliyotangulia mlangoni kabla yake.

Kwenye chumba chake cha kupanga aliweka kochi la watu watatu, la kijivu, bado limevaa nailoni. Lilijaza chumba hata mlango ukawa unafunguka nusu, wageni wakaingia ubavuubavu. Nailoni, alisema, ni kwa ajili ya vumbi. Ukweli, muuza makochi alishamwambia: "Ukishindwa kulipa nalichukua, na nisikute doa."

Basi mama yake mdogo akaja mjini kung'oa jino, akafikia kwake. Alipoliona lile kochi alipiga kigelegele huku ameshika shavu.

"Mwanangu, umeuaga umaskini!"

Mkurugenzi akatabasamu tu. Kumvunja moyo mgonjwa si vizuri.

Jioni ya pili ikapigwa hodi. Muuza makochi huyo, uso umekunjwa. Kabla hajafungua kinywa, Mkurugenzi akamrukia mabegani. "Mama, huyu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana!"

Mbele ya mtu mzima aliyevimba shavu, ukali ukamwishia mtu wa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa, chai ipo."

Akakaa juu ya mali yake mwenyewe, akanywa vikombe viwili, akaaga: "Haya, bwana mteja, tutaonana kesho."

Kesho yake akarudi. Safari hii alimkuta muuza simu, naye wa kufa na kuzikana, na muuza viatu, "tumekua pamoja." Wakabanana kochini, nailoni ikilia kila mmoja akijisogeza, wakitazamana kama watu wanaomgojea kinyozi mmoja.

Mama mdogo akamimina chai, akamgeukia mtoto wa dada yake. "Umejaliwa marafiki, mwanangu. Ila mbona kila akiingia mmoja, wewe unatokwa jasho?"

Muuza viatu akacheka, chai ikampalia. Mkurugenzi akainamisha kichwa.

"Mama, hawa wote wananidai."

"Nilijua tangu jana. Rafiki wa kuzikana gani anakuita 'bwana mteja'?"

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Usinitazame mimi, nimekuja na nauli na jino bovu. Mtu hujikuna ajipatapo, baba. Wewe unajikuna kwa mkono wa jirani."

Kochi likatoka jioni ileile. Ilibidi mlango ung'olewe bawaba, na Mkurugenzi mwenyewe akashika upande mmoja, wapangaji wamejaa ukumbini. Aibu ilimchoma mpaka getini. Aliporudi akakuta mama mdogo amejinyoosha sakafuni kwenye godoro, anasema leo angalau anapumua.

Simu nayo ikarudi ilikotoka. Viatu vilikuwa vimeshavaliwa, havirudishiki, hivyo wakakubaliana alipie kwa kumpakia muuza viatu rangi dukani kwake kila Jumapili mpaka deni liishe. Alipokuwa juu ya ngazi, jirani mwenye duka la vyombo akapaza sauti: "Fundi, ukimaliza hapo njoo na kwangu. Nikupe kianzio sasa hivi?"

Mkono ulishaanza kunyooka. Akaurudisha kwenye brashi.

"Utanipa nikimaliza, mzee."