Imondo ya Baba Nakuru

Baba alikuwa ameacha kuniita Minayo. Aliniita kwa jina la dada yake, ambaye tulishamzika, nami nikaitika tu, maana nikimsahihisha alihuzunika. Nusu ya maisha yake alifanya kazi ya reli Nakuru, na nikawaza huenda picha za mji ule zikamrudisha kidogo. Miguu yake haiwezi tena safari. Basi nikamwachia mke wa kaka yangu uangalizi wa nyumba, nikabeba kamera, nikaondoka Mbale.

Kericho tuliipita asubuhi, majani ya chai yakiwa bado chini ya ukungu. Salgaa, palipojaa malori, dereva alitupa nafasi ya kula. Nilipiga picha chapati na maharagwe mpaka vikapoa, na mhudumu akaja kuniuliza kama chakula kina kasoro.

Nakuru nilianzia kituo cha reli. Askari wa langoni alinikataza kwanza. Nilipomweleza habari za baba, alilegea, akanionyesha hata mahali pa kusimama ili jua lisinipige machoni. Kutoka hapo nilipanda Menengai, ambako upepo nusura uninyang'anye kofia, nikashuka ziwani. Maji yamepanda yakaua miti mingi, lakini flamingo wachache walikuwapo, na niliwapiga picha kwa pupa.

Jioni nilikwenda kwa Mama Kageha, jirani yetu wa zamani katika nyumba za reli, sasa mjane. Alikuwa amechinja kuku. Mezani aliweka ugali, kuku na mboga ya mrenda, na kando, peke yake kwenye sahani ndogo ya tangu siku zile za reli, firigisi, ile sisi Waluhya tunaiita imondo. Hiyo hupewa mzee wa nyumba. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamume pale, nilidhani mgeni ndiye mwenyewe, tena ingependezesha picha yangu. Nikaichukua niiweke juu ya ugali.

Mama Kageha alinishika mkono.

"Hiyo wacha, mama. Ni ya baba yako."

Nikamkumbusha kwamba baba yuko Mbale, na hali yake nilishamweleza kwenye simu.

"Najua. Tangu mzee wangu aende, hii haijakuwa na mwenyewe hapa kwangu. Leo iko naye. Piga picha umpelekee, umwambie imepoa ikimngojea."

Nilipiga picha moja tu. Nilimpenda sana yule mama.

Niliporudi Mbale, nilikaa na baba sebuleni nikamfungulia picha. Kituo cha reli alikitazama akasema ni pazuri. Menengai, pazuri. Flamingo aliwasifu kwa adabu, kama mgeni anayesifu nyumba ya watu. Moyo ulinishuka kabisa. Nilitaka kuizima kamera, lakini ile sahani ikatokea, naye akanizuia.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni Mama Kageha," alisema, ingawa pichani hapakuwa na mtu. "Ameniwekea. Mbona amewacha ikapoa?"

Nilimwambia imepoa ikimngojea. Akatikisa kichwa, akasikitika kweli kwamba amemchelewesha mwenye nyumba. Kisha akageuka akanitazama usoni.

"Na wewe, Minayo, walikupatia chakula?"

"Nilikula, baba," nilisema huku nikilia waziwazi. "Nilishiba."