Mzee wa Mpira Pale Mwera

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, miaka ya hamsini, huko Mwera, tena mchana kweupe. Sikuwa na homa wala sikuota.

Nilikuwa nikigema mpira kwenye shamba la zamani la Mjerumani. Unachanja gome la mti, utomvu unachuruzika kwenye kifuu. Lakini utomvu wetu ulikuwa kero tupu: ukikauka unanata mikononi, ukikaa sana unapasuka. Adhuhuri moja wenzangu walitangulia kuswali, nikabaki kukinga kifuu cha mwisho. Mara nikasikia kitu kinadunda nyuma yangu.

Alikuwa mzee mnene, uso mpana, kofia ya ngozi imembana mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na mpira mweusi, mkubwa kama dafu, akiurusha kwa nyonga. Kwa nyonga, nakwambia! Nikamtazama miguu kwanza, kama tulivyofundishwa. Ilikuwa ya binadamu, si kwato. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Nikamuuliza mpira ule ni wa utomvu gani, mbona unadunda hivyo. Akasema ni utomvu kama wangu, ila kwao huuchanganya na maji ya jani moja litambaalo. Akaniambia pia kwamba kwao huburura mawe makubwa kama vibanda kutoka mbali na kuyachonga. Mawe sikuyajali. Nilitaka kulijua lile jani, maana majani yatambaayo huku kwetu hayana idadi.

"Tucheze," akasema. "Ni nyonga tu. Ukinishinda, nakuonyesha jani. Ukiugusa mpira kwa mkono, kichwa chako ni changu."

Midomo yake ilikwenda kivyake, na maneno yakanifikia kivyake, kwa Kiswahili safi. Mwenye akili angetoka mbio. Mimi udadisi umeniponza tangu utoto, nikakaza msuli wangu kiunoni.

Tukacheza mpaka nyonga ikavimba. Wallahi nilikuwa namshinda, limebaki pigo moja tu. Hapo mpira ukagonga mzizi, ukabingirika, ukasimama katikati yetu. Mzee akahema, akashika goti, akaanza kuinama kama anayetaka kuuokota. Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mtu mzima anainama mbele yako, nawe kijana umesimama unamtazama? Mama yangu alinifunza adabu hiyo kwa makofi. Kabla sijafikiri nilishauokota, nampa kwa mikono miwili.

Akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu.

"Marahaba," akasema. "Kichwa nimekichukua. Wewe endelea kukitumia."

Akanishika uso kwa viganja vyake, akaupapasa taratibu, kidole gumba kikasimama kwenye kovu la nyusi yangu ya kushoto, nililolipata nilipoanguka mnazini. Nilifumba macho kwa hofu. Nilipofumbua hapakuwa na mzee wala mpira. Mpaka leo najiuliza kama alinitega au alichoka kweli.

Miaka miwili baadaye mwalimu jirani yangu alinionyesha gazeti la picha. Huko Meksiko, ng'ambo ya bahari, wamefukua vichwa vya mawe, vikubwa kuliko mtu, vya watu waitwao Waolmeki. Akanisomea kwamba walikuwapo kabla ya Nabii Isa, na ndio wa mwanzo kujua mpira unaodunda. Kichwa kimoja kilivaa kofia ileile. Uso ulikuwa wangu. Kovu lilikuwapo, nyusi ya kushoto. Mwalimu akatazama picha, akanitazama mimi, akalifunga gazeti.

Tangu hapo nikijilaza chali nasikia udongo umenilemea usoni, kama kichwa kile kabla hakijafukuliwa, na jani lenyewe sikulijua. Wajukuu zangu nawafunza adabu zote, wawaokotee wazee kila kilichoanguka. Lakini nawe nakuonya kama ninavyowaonya wao: ukikutana na mzee usiyemjua kwenye miti ya mpira ya zamani, jua la utosini, mpira umemdondoka, mwache ainame mwenyewe.